"Na Mwandishi Wetu": makala yako ikitokea kwingine bila jina lako

Aliyenijulisha ni mamdogo wangu wa Tandika. Asubuhi moja alituma kwenye grupu la ukoo maelezo marefu ya namna ya kuosha simtanki, yenye alama ya kusambazwa mara nyingi, na chini yake akaongeza: "Mwanangu soma hii, wewe si una tanki pale Sinza?" Nikasoma. Sentensi ya kwanza niliijua, ya pili pia. Kufika kwa jirani aliyekuta mjusi amejibana kwenye bomba la kuogea, nikawa na hakika kwamba hiyo ni makala yangu, niliyoichapisha wiki tatu nyuma. Jina langu halikuwepo. Chini kabisa paliandikwa "Chanzo: Mtandaoni".

"Shikamoo mamdogo. Hii niliiandika mimi."

"Marahaba. Sasa mbona hawajaweka jina lako?"

Swali zuri, na halina jibu moja. Kuna makala iliyokombwa na programu isiyojua kusoma. Kuna iliyopita mikononi mwa mhariri mwenye haraka, kuna iliyokatwa mkia na mtu wa grupu, na kuna iliyoibwa kweli. Ukimpelekea mhariri mwenye haraka barua ya wakili, umempoteza mtu ambaye angekuwa mteja. Ukimbembeleza mwizi, umempa muda wa kufuta nyayo. Mimi mara ya kwanza nilifanya yote mawili, kila moja kwa mtu asiyestahili.

Kabla hujapiga simu

Simu ndiyo iliyoniponza. Niliikuta makala ileile kwenye tovuti moja ya habari, juu imeandikwa "Na Mwandishi Wetu", nikapiga namba iliyokuwa chini ya ukurasa. Aliyepokea alikuwa mpole, akasema ataangalia. Baada ya nusu saa ukurasa ulikuwa umebadilika: picha mpya, aya mbili zimepinduliwa, na tarehe imerudishwa nyuma hadi siku nne kabla ya yangu. Sikuwa na hata picha moja ya skrini.

Kwa hiyo tumia dakika kumi kwanza. Piga picha ya skrini inayoonyesha anwani ya ukurasa pamoja na tarehe, na kama ukurasa ni mrefu, piga vipande vinavyopandana ili asitokee wa kusema umeunganisha. Kisha fungua web.archive.org, bandika anwani ya ukurasa wao, uhifadhi nakala yake. Fanya hivyohivyo kwa ukurasa wako. Ile ni maktaba isiyo yako wala yao, na kila nakala inayowekwa pale hubeba tarehe na saa. Saa zake ni za UTC, ongeza tatu upate za Dar. Siku hizi naihifadhi makala yangu pale dakika ileile ninapoichapisha, kabla hata sijaweka linki kwenye stetasi.

Rasimu nazo ni ushahidi. Ukiandikia Google Docs, historia ya matoleo inaonyesha makala ikikua aya kwa aya, na hicho ni kitu ambacho aliyekopi na kupesti hawezi kukionyesha. Picha za asili usizifute kwenye simu hata kama nafasi imejaa, maana faili halisi lina tarehe na aina ya kamera ndani yake. Likishapita WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo hunyofolewa.

Dalili: imetoka yote, neno kwa neno, dakika chache baada yako

Ukiona nakala imetoka kabla chai yako haijapoa, pamoja na viungo vyako vyote na hata kosa la tahajia ulilokuja kulisahihisha baadaye, usimtafute mtu. Hiyo ni programu. Tovuti yako ina mlisho wa RSS, yaani faili linalojijaza lenyewe kila unapochapisha kitu kipya, na programu hizi huuchota mlisho huo na kuumwaga kwenye tovuti yenye matangazo mengi na makala za kila namna: mpira, nguvu za kiume, ajira, simtanki.

Kuhakikisha ni rahisi. Bonyeza picha ya makala kwa muda mrefu, uifungue kwenye ukurasa mpya, utazame anwani yake. Ikiwa bado inasoma jina la tovuti yako, hawajahangaika hata kuipakua. Wanaichota kwako, na kila msomaji wao anakula kifurushi cha seva unachokilipia wewe.

Dawa ya msingi ni kubadilisha mlisho utoe muhtasari badala ya makala nzima. Kwenye WordPress iko katika mipangilio ya kusoma, kwenye Blogger iko katika mipangilio ya mlisho wa tovuti. Kuna gharama: wasomaji waaminifu wanaosoma kupitia mlisho watalazimika kubonyeza mara moja zaidi. Mimi niliona afadhali. Blogger ina pia sehemu ya kuweka maneno chini ya kila makala inayotoka kwenye mlisho, na WordPress inapata hilo kwa programu-jalizi, yaani plugin. Andika pale jina lako na anwani ya makala ya asili, programu itayabeba maneno hayo bila kuyasoma na kuyachapisha kwenye tovuti ya mwizi.

Kwa sababu hiyohiyo, makala zako zitajane. Ndani ya ile ya simtanki nilikuwa nimeweka kiungo cha makala yangu ya pampu za maji, kwa anwani kamili. Nakala ilikwenda nacho. Mwezi ule nilipata wasomaji wa pampu waliotoka kwenye tovuti nisiyoijua, na hivyo ndivyo nilivyoigundua.

Kuhusu ile picha, nakiri nilifanya utoto. Tovuti yangu iko kwenye seva ninayoilipia mwenyewe, kwa hiyo niliibadilisha picha yangu jina, kisha kwenye jina la zamani nikaweka picha nyekundu yenye maandishi "PICHA HII IMECHOTWA SINZA BILA RUHUSA". Ilikaa kwao siku mbili, chini ya kichwa cha habari kuhusu usafi.

Dalili: "Na Mwandishi Wetu", kwenye chombo chenye mhariri na namba ya simu

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo penye pesa.

Kwanza jua walikoitoa. Makala yangu ilipoingia WhatsApp, mtu aliifyeka aya ya mwisho, nadhani kwa sababu ndiyo iliyokuwa na jina la tovuti. Ukiikuta nakala haina aya ya mwisho, basi chumba cha habari kiliitoa kwenye grupu na pengine hawajui kabisa kama upo. Ukiikuta nayo, walifika kwako, wakakuona, wakakuacha. Tofauti hiyo ndiyo inayopanga sauti ya barua. Kwa wa kwanza niliandika hivi, na nimekuwa nikiitumia tangu hapo kwa mabadiliko madogo:

"Ndugu Mhariri, habari za kazi. Makala ya kuosha simtanki mliyoitoa Jumanne ni yangu, ilitoka kwanza kwenye tovuti yangu tarehe hii, anwani ni hii. Nadhani iliwafikia ikiwa imekatwa jina. Naomba jina langu liwekwe juu ya makala pamoja na kiungo cha ya asili. Kwa matumizi haya naomba malipo ya shilingi 50,000, na nikipata jibu kabla ya Ijumaa naweza kuwapa picha mbili ambazo hazikutoka. Kama hamtaki kuendelea nayo, basi iondolewe. Natanguliza shukrani."

Hakuna neno "wizi" mle. Kuna tarehe, anwani, kiasi, na mlango wa kutokea. Yule mhariri alinijibu siku ileile, akaweka jina, akalipa nusu kwa M-Pesa na nusu hakulipa mpaka leo, lakini baada ya miezi miwili aliniagiza makala ya mashimo ya choo wakati wa masika. Bei usiniulize iliyo sahihi. Taja ambayo ungeikubali kama wangekuagiza makala hiyo tangu mwanzo, na usiipandishe kwa hasira.

Asipojibu, ndipo sheria inapoingia. Inasaidia kuijua vizuri kuliko yeye. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1999, na ofisi yake ya hakimiliki ni COSOTA. Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2003 na ofisi yao, COSOZA. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za waandishi na wasanii, tangu 1994, na chini ya mkataba huo haki inazaliwa pale unapoandika: huhitaji kusajili wala kuchora ile alama ya herufi c ndani ya duara. Na mbali na haki ya pesa, una haki ya kutambuliwa kuwa ndiwe mwandishi. Mtu akikuambia "hukusajili COSOTA, huna chako", amekosea.

Hata hivyo mimi nasajili COSOTA zile makala ninazotarajia zitaleta ugomvi. Ofisi hiyo ya hakimiliki hutunza rejista ya kazi, na mgogoro ukitokea inaweza kutoa ushahidi wa nani mwenye haki. Mhariri mjini hapa akipata barua iliyotaja rejista ile hujibu upesi kuliko akipata barua iliyotaja uchungu wako.

Sasa kuna jambo ambalo waandishi wengi hawalijui. Mkataba wa Berne unaziruhusu nchi kuacha magazeti na redio zichapishe upya makala za mambo ya sasa ya uchumi, siasa au dini, pale ambapo mwandishi hakusema wazi kwamba amezuia. Hata hapo chanzo lazima kitajwe. Kwa hiyo ile mistari ya "Haki zote zimehifadhiwa, hairuhusiwi kuchapisha upya bila ruhusa", ambayo tunaiona kama pambo la chini ya ukurasa, ina kazi. Ukiandika juu ya bajeti au bei ya mafuta, iweke kwenye makala yenyewe. Ya simtanki haikuwa siasa, ingawa maji ya Dar yana siasa zake.

Dalili: maneno si yako, lakini unajisikia humo

Hii ndiyo inayochosha moyo, na mara nyingi huna kesi. Sheria hailindi taarifa wala wazo. Hailindi habari ya siku ambayo ni taarifa tupu. Kwamba tanki lioshwe, kwamba mfuniko ufungwe, hayo si mali yangu. Mwingine akiyaandika kwa maneno yake, baada ya kuyasoma kwangu, amefanya kile ninachofanya mimi nikiwasoma wengine. Ningependa anitaje, ni adabu, lakini barua siandiki.

Kipimo changu ni mjusi. Kama amechukua mpangilio wangu, mifano yangu na jirani yangu na mjusi wake, akabadilisha maneno tu, hapo hajaandika upya, amenakili kwa kujificha. Weka sentensi zenu kando kwa kando, aya ya tatu na ya tatu, ya nne na ya nne. Ukikuta safari ni ileile na vituo ni vilevile, unayo hoja.

Na kuna jamaa wapya wanaoipitisha makala kwenye mashine: inageuzwa Kiingereza, kisha inarudishwa Kiswahili, ili isionekane kwenye utafutaji. Niliikuta yangu hivyo. "Osha kifaru chako kila baada ya miezi mitatu," ilisema, na kifaru kiliendelea kuoshwa mpaka mwisho wa makala, ndani na nje, kwa brashi yenye mpini mrefu. Tafsiri nayo ni haki ya mwandishi, kwa hiyo kwenda Kiingereza na kurudi hakumsafishi mtu. Makosa kama hayo ndiyo ushahidi wako bora, maana hakuna Mswahili anayeosha kifaru. Yapige picha kabla hayajasahihishwa.

Dalili: makala ni yako, jina ni la mtu mwingine

Hapa pia nina swali la kukuuliza kwanza: una hakika haki ni yako? Kama uliiandika ukiwa umeajiriwa, au mteja alikulipa na mkasaini kitu, kausome mkataba kabla hujafungua mdomo. Nimemwona rafiki akimshambulia mtu hadharani, kumbe kampuni aliyoiandikia iliuza makala zake zote, na karatasi aliisaini mwenyewe pale Posta.

Ukiwa na hakika, usianze na aliyeiba, anza na mwenye nyumba, yaani kampuni inayoihifadhi tovuti yake. Tovuti nyingi za hapa zinakaa kwenye mashine za kampuni za Marekani. Blogger ni ya Google, WordPress.com nayo ni ya kampuni ya huko. Kampuni hizo hufuata sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ya hakimiliki mtandaoni, iitwayo kwa kifupi DMCA, na huhitaji kuwa Mmarekani kuitumia. Taarifa yako iwe na anwani ya makala ya asili, anwani ya nakala, mawasiliano yako, tamko kwamba unaamini kwa nia njema kuwa matumizi yale hayana ruhusa, tamko kwamba unachosema ni sahihi na kwamba, kwa adhabu ya kiapo cha uongo, wewe ndiye mwenye haki au umepewa mamlaka naye, kisha saini. Google wana fomu yao, na kuna fomu ya kuondoa nakala kwenye matokeo ya utafutaji hata kama tovuti yenyewe iko kwa wengine.

Mambo mawili yajue kabla hujabonyeza. La kwanza, taarifa hiyo si siri. Anayelalamikiwa anaweza kupelekewa, na zile za Google huwekwa kwenye kanzidata ya Lumen iliyo wazi kwa umma. Kama unaandika kwa jina la bandia, fikiri. La pili, yeye ana haki ya kupinga. Akipinga, kampuni inaweza kuirudisha makala baada ya siku 10 hadi 14 za kazi, isipokuwa wewe umefungua kesi, na mtu wa Sinza hafungui kesi California kwa ajili ya simtanki. Waliowahi kunijaribu hawakupinga hata mmoja, lakini nilikuwa nimeshajua kwamba hatua inayofuata ingekuwa COSOTA au wakili wa hapahapa.

Ikiwa ni tovuti ya habari ya Kitanzania, tazama pia leseni. Tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, wanaotoa habari mtandaoni wanatakiwa kuwa na leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Mwenye leseni ana jina na anwani, na barua inafika.

Dalili: nakala iko juu, yako iko chini

Tafuta kwenye Google sentensi yako yenye maneno yasiyo ya kawaida, ndani ya alama za kunukuu. Nikitafuta "mjusi amejibana kwenye bomba la kuogea", anayetokea juu yangu ananikera. Mara nyingi chanzo si uchawi: tovuti yao ni kubwa, au ukurasa wako haujasomwa na Google kabisa. La pili hutazamwa kwenye Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti, na unaweza kuomba usomwe. La kwanza halina dawa ya haraka. Kama nakala ni ya mshirika uliyemruhusu, mwombe aweke kwenye ukurasa wake alama iitwayo noindex, inayoiambia Google isiuonyeshe kwenye utafutaji. Ile ya ukurasa wa asili, iitwayo canonical, Google haiipendekezi tena kwa nakala za washirika. Na siku nyingine chapisha kwako kwanza, usubiri siku kadhaa, ndipo umpe.

Dalili: inazunguka WhatsApp

Hakuna dawa. Nilitumia jioni tatu kuwaandikia watu wa magrupu, nikaambulia vikaragosi. Kinga ipo kidogo: jina usiliweke mwisho, maana mkia ndio unaokatwa. Liweke katikati, ndani ya sentensi inayohitajika, kiasi kwamba anayelitoa anaharibu maana. Picha iwe na jina juu yake, mahali ambapo kulikata ni kukata picha. Mamdogo sasa ananitumia kwanza kabla ya kusambaza, na mara mbili ameniuliza kama ni yangu ilhali si yangu.

Ukitaka wachukue

Baadhi ya makala ni bora zitembee. Hizo nazitolea ruhusa palepale chini: chukua yote, usibadilishe, weka jina na kiungo. Leseni za Creative Commons zinafanya kazi hiyo kwa maneno yaliyokwishapimwa. Ile ya BY-ND 4.0 inadai jina na inakataza kusambaza iliyobadilishwa, na ukiongeza NC inakataza biashara. Ila ukishaitoa huwezi kuinyang'anya kwa aliyekwisha kuichukua, kwa hiyo usiiweke kwenye makala unayotaka kuiuza kesho.

Kila nakala iliyorekebishwa jina naiweka kwenye orodha, na orodha hiyo ndiyo ninayoipeleka kwa mhariri mpya kabla ya kutaja bei. Waliokubali kulipa nawatumia ankara: namba ya mlipa kodi, anwani ya makala, tarehe iliyotumika, kiasi, namba ya kulipia. Siku 30 zikipita, usimpigie mhariri. Mhariri yuko na toleo la kesho. Uliza jina la mhasibu, umpigie asubuhi, uanze na namba ya ankara.